Mwacheni Ale Kwanza

Sista Mkuu alinipigia simu asubuhi, nikiwa natoa kopi za vyeti vya mwalimu mmoja anayeomba uhamisho. Akasema Tumsifu Yesu Kristo. Mimi si Mkatoliki, lakini kwa miaka niliyokaa na masista ulimi wangu huitikia wenyewe, milele amina. Kisha akasema, "Sista wetu wa Kihispania amefariki alfajiri. Nakutumia maneno ya Kiingereza sasa hivi, utuwekee kwa Kihispania tuwapelekee ndugu zake. Fanya haraka kidogo, mama, tunakutegemea wewe." Nikasema sawa, Sista. Nikamalizia kopi za mwalimu, nikazibana kwa pini, nikamwuliza kama atahitaji na bahasha. Alihitaji.

Ningependa kusema kwamba mikono ilitetemeka, au kwamba nilitafuta pa kukaa. Haikuwa hivyo. Sikuhisi kitu. Nilikuwa kama mguu ulioukalia vibaya kwenye benchi la kanisa: unauona, unajua ni wako, lakini ukiugusa ni kama umegusa mguu wa jirani. Chapati mbili nilizonunua njiani zilikuwa kwenye mfuko juu ya printa, na chai ilikuwa kwenye chupa. Sikuzigusa.

Duka langu liko Utemini, hapa Singida mjini. Ni steshenari ya kawaida. Watu wanakuja kutoa kopi, kuchapa barua za maombi, kupiga picha za pasipoti mbele ya shuka la bluu ambalo huwa nawakataza wasilishike na hawasikii. Wachache wanajua kwamba nazungumza Kihispania, na hao wachache wanadhani ni utani. Mtu mmoja aliwahi kuniambia niseme kidogo asikie, nikasema, akacheka, akaniomba nimpunguzie bei ya laminesheni.

Nilijifunza Kihispania kwa sista huyo huyo aliyefariki. Alikuwa mkunga katika zahanati ya masista, kijiji kimoja kilichoingia ndani kidogo kutoka barabara kuu ya Shelui, ambako usiku ukitulia unasikia malori yakibadilisha gia. Nilipelekwa pale nikasaidie jikoni baada ya kumaliza kidato cha nne, matokeo yangu yakiwa ya kuficha. Baba aliogopa watanibadilisha dini. Walinibadilisha lugha tu. Masista wengine wote walikuwa Watanzania. Yeye alikuwa amekaa nchini mpaka Kiswahili chake kikapata lafudhi ya Kinyiramba, lakini jioni alitamani mtu wa kuzungumza naye lugha ya kwao, akanichagua mimi kwa sababu nilikuwa karibu na sikujua kukataa.

Alifundisha kwa vitu, maana hakuwa na kitabu na hakuwa na subira. Kiingereza, alisema, ni lugha ya watu wenye haraka: wana neno moja "soft" na wanalipaka kila mahali. Akachukua tonge la ugali wangu, akalibonyeza, akasema hiki ni blando. Akashika ncha ya kanga yangu iliyofuliwa mpaka ikachoka, akasema hii ni suave. Nyama laini ni tierna, akasema, kisha akatazama sufuria ambamo jogoo wetu wa kienyeji alikuwa anachemka tangu asubuhi, akasema hilo neno tutalisubiri. Tuliokuwepo jikoni tulicheka mpaka Sista Mkuu wa wakati ule akaja kuuliza kuna nini. Kanuni yake ilikuwa hiyo: ukikwama kati ya maneno mawili yanayofanana, tafuta kitu unachoweza kukishika, uulize kila neno kama linakaa juu yake. Mpaka leo nikitafsiri taarifa za zahanati kwa ajili ya wafadhili, ndivyo ninavyofanya. Nachukua kitu mezani, nakishika, nauliza.

Ujumbe wa Sista Mkuu ukaingia. Ulikuwa mfupi: "Your beloved sister is very serious. Kindly pray for her." Basi.

Nikausoma tena, na hapo nikamwelewa Sista Mkuu vizuri kabisa. Yeye ni Mgogo wa Itigi, binti wa mfanyakazi wa reli, na hajaacha kuwa binti wa watu. Kwetu kifo hakitumwi kwa simu. Unasema hali yake si nzuri. Unasema mgonjwa yuko siriasi, njooni. Msomaji wa kwetu akipata maneno hayo hababaiki kuuliza amelazwa wodi gani. Anafunga duka, anatafuta nauli, anaanza kuvaa. Aliyefariki alikuwa amebakiwa na dada mmoja tu, mkubwa kwake, kikongwe, mwenye moyo mbovu, anayeishi na mpwa wake katika mji mdogo wa Hispania. Sista Mkuu hakutaka kumwua. Alitaka leo apate ugonjwa, na kesho, padri wa huko akishafika nyumbani kwake, apate msiba. Na alihitaji msiba huo umfikie kweli, kwa sababu hakutaka kaburi lichimbwe nyuma ya zahanati kabla dada mtu hajasema mdogo wake alale huku au arudishwe kwao.

Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa neno moja. Serious. Neno hilo lilipaswa lifike Hispania, liingie kwa mwanamke mwenye moyo mbovu, lisimwangushe, na lisimdanganye.

Neno la kwanza linalojitokeza ni seria, na hilo ni mtego wa wanafunzi. Seria ni mtu asiyecheka. Sista alikuwa na kila kitu isipokuwa hicho. La pili ni mala. Ukisema está mala watu wataelewa ni mgonjwa, lakini ni neno la mtoto aliyekula maembe mabichi, kesho anaamka anacheza. Enferma ni ugonjwa wa kwenye kadi ya kliniki. Nilishika stepla nikaijaribu juu yake, enferma, haikusema chochote.

Halafu kuna grave. Hilo ndilo neno lenyewe, neno la daktari anayetoka mlangoni akivua glavu. Ni zito, na ni la kweli kupita yote. Lakini nilimjua dada mtu kwa sauti. Kila Jumapili walikuwa wakipigiana simu, na sista alimsimulia kila kitu, nani kajifungua, ng'ombe wa nani kaingia bustanini, mimi nimeunguza nini jikoni, na mwisho nilikuwa napewa simu nimwamkie. Alikuwa akiniita hija, binti yangu. Nikamwona anaposomewa grave kwa simu, mpwa akiwa kazini: anainuka kwenye kiti ghafla, peke yake.

Likabaki delicada. Delicada ni dhaifu kwa namna ya kushikwa kwa mikono miwili. Sista alilitumia kwa vitambaa vya altare, na kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Alikuwa anawafunga kwenye pamba na kitenge, anawaweka kifuani kwa mama zao, anasema huyu delicada, msimpitishe mkono kwa mkono. Wengi wao waliishi. Wengine sasa wana ndevu, wanauza alizeti Shelui. Hilo ndilo lililonisumbua. Neno hilo lina tumaini ndani yake, na tumaini halikuwepo. Nilikuwa natafuta neno la Kihispania linalofanya kile ambacho maneno yetu hufanya, la kusema mgonjwa na kila mtu asikie marehemu. Halipo. Wao hawana desturi hiyo, watakuwaje na neno lake?

Mama mmoja akaingia kulaminisha cheti cha ubatizo. Nikalaminisha. Akasema leo umepooza, mama, unaumwa? Nikasema hapana, ni usingizi tu.

Nilimkumbuka baba, ingawa kukumbuka ni neno kubwa. Picha ilikuja tu na mimi nikaitazama. Nilikuwa ndio kwanza nimefungua duka. Baba mdogo akapiga simu kutoka Kinampanda, akasema baba yako hajisikii vizuri, njoo umwone. Nikapanda gari la Kiomboi. Nilipofika nyumbani nje kulikuwa na watu wengi wamekaa chini, na moto mkubwa mno kwa saa ile. Hakuna aliyesema kitu. Shangazi alinipokea begi, akanipa maji ya kuoga, akaniwekea kigoda jikoni na ugali wa mtama na mlenda. Sista alikuwepo, alikuja na gari bovu la masista. Aliponiona alinijia mikono wazi, na mdomo nao ulikuwa unafunguka. Shangazi akamshika mkono juu ya kiwiko, kwa nguvu, bila kujali kuwa ni sista na ni mzungu, akasema, "Mwacheni ale kwanza."

Nikala. Sista alikaa kando ya ukuta ananitazama, macho mekundu. Nilijua. Nilijua tangu kwenye simu, nilijua kwenye gari, na tonge la kwanza lilipopita kooni nilijua kabisa. Lakini nilikula mpaka sahani ikaisha, polepole, na hakuna aliyeniharakisha. Nilipomaliza shangazi aliniosha mikono kama mtoto, akaniambia kwa Kinyiramba. Nikalia, na kilio kilikuwa na mahali pa kukaa.

Sista aliona ule ni ukatili. Aliniambia hivyo kwa muda mrefu baadaye, tukiwa tunachambua mchele. Mlijua wote, alisema, mkamtazama mtoto anakula. Nikamwambia, ulitaka nisikie stendi ya Kiomboi, nina njaa na begi mkononi? Akaniuliza chumvi imebaki kiasi gani. Alikuwa mbishi, akishindwa huwa anahamia kwenye hesabu za chumvi.

Nikaandika delicada. Su hermana está muy delicada. Recen por ella. Nikatuma kwa mpwa kwa simu yangu, kama Sista Mkuu alivyoelekeza, nikamjulisha kwamba imekwenda. Akajibu, Mungu akubariki. Nikamwona mteja wa picha ya pasipoti ameegemea shuka. Nikamwambia asimame wima.

Jibu la mpwa lilikuja haraka, na lilikuwa refu. Amelazwa hospitali gani. Anatumia dawa zipi. Je, mgonjwa anaweza kusafiri kwa ndege akilala, maana yeye mpwa ameanza kuulizia ndege. Je, daktari anaweza kuandika kwa Kiingereza. Alikuwa ameshika lile tumaini kwa mikono yote miwili, kama neno lenyewe linavyotaka. Nikamtumia Sista Mkuu. Akasema, "Mwambie madaktari wanajitahidi." Hapo ndipo kitu pekee nilichohisi siku ile mpaka wakati huo kilipokuja, na kilikuwa hasira. Wanajitahidi kufanya nini? Anaoshwa. Masista wanamvika. Nilijua hata gauni gani, lile la kijivu lililotiwa kiraka kwapani na mimi mwenyewe. Nikaiweka simu kifudifudi juu ya rimu ya karatasi, sikumjibu mpwa, na hasira nayo ikaondoka, nikabaki vilevile.

Saa saba mchana simu iliita. Namba ilikuwa ya mpwa. Nikatoka nayo mpaka nyuma ya mashine ya kopi, ambako naweka makatoni, nikajiandaa kusema madaktari wanajitahidi.

Haikuwa sauti ya mpwa.

"Hija," alisema dada mtu. Sauti ilikuwa ya taratibu, kama ya mtu anayebeba maji yasimwagike. "Nimekula."

Sikuelewa. Nikasema, shikamoo, maana hilo alifundishwa na mdogo wake na alilipenda. Akasema marahaba. Akaendelea, kwa Kihispania, nami nayatoa maneno yake hapa kama nilivyoyasikia:

"Nimepasha dengu za jana, nimekula. Huku ni saa tano asubuhi, hakuna mtu anakula dengu saa hizi, mpwa wangu ananiona nimerukwa akili. Nimekaa kwenye kiti chenye mikono. Yeye yuko hapa, nimemwambia anishike. Yeye anatafuta ndege. Mimi nimemwambia aache." Nikasikia sahani ikisogezwa kando. "Sasa niambie."

Nilikuwa na maneno. Fallecida, la matangazo ya redio. Difunta, la kanisani. Muerta, la kuku na la mtu pia. Niliangalia makatoni, sikuona kitu cha kushika.

"Amekufa," nikasema. "Alfajiri. Kitandani mwake. Masista walikuwa naye."

Nilisikia mpwa akiuliza kitu kwa mbali, akanyamazishwa. Nikasikia pumzi. Nikasubiri aanguke, na nikaanza kufikiria nitamweleza nini Sista Mkuu. Hakuanguka. Alilia kidogo, kilio cha mzee, hakina sauti kubwa. Kisha akapenga kamasi.

"Aliniambia habari za baba yako," alisema. "Jinsi yule shangazi alivyomshika mkono. Alikasirika Jumapili nyingi. Halafu Jumapili moja akaniambia, nisikilize vizuri: siku yangu ikifika, wa huku hawatakuambia. Watakuambia naumwa. Watatafuta neno laini. Usiwapigie kelele. Ule kwanza, ukae, mtu awe karibu yako, ndipo uwaulize. Kwa hiyo leo mpwa aliponisomea delicada nikaenda jikoni."

Nikasema ndiyo.

"Mwambie Sista wenu wamzike huko huko. Kwake ni huko. Alitaka karibu na ile zahanati, asikie watoto wanazaliwa."

Nikasema nitamwambia. Nilidhani tumemaliza. Nikaanza kutafuta maneno ya pole, na Kihispania kina maneno ya pole mabaya sana, marefu, ya kuandikia kwenye kadi.

"Na wewe," akasema, "ulikuwa umekula?"

"Lini?"

"Walipokuambia wewe."

Niliutazama mfuko juu ya printa. Mafuta yalikuwa yamepenya kwenye karatasi.

"Hapana," nikasema. "Walihitaji tafsiri."

Nikasikia kiti chake kikilia.

"Kuna chakula hapo?"

"Kuna chapati."

"Kula. Nasubiri."

Nikamwambia dukani kuna watu. Kulikuwa na mmoja, alikuja kutoa kopi ya kitambulisho. Akasema wasubiri na wao. Nikamwomba yule mtu samahani, akasema hana haraka, akakaa kwenye benchi. Nikachukua mfuko, nikamimina chai, nikakaa juu ya katoni la karatasi na simu nikaiweka kwenye goti, spika imewashwa. Chapati zilikuwa zimekauka pembeni. Nikakata, nikatafuna. Upande wa pili hakuna aliyesema neno, ila saa ya ukutani kwao ilikuwa inasikika, na mara moja mpwa alikohoa. Sijawahi kula chapati ngumu vile, na sijawahi kula polepole vile, isipokuwa siku ile moja jikoni Kinampanda. Ya kwanza ikaisha. Ya pili nilipofika katikati nilitaka kuacha, nikakumbuka sahani ya shangazi, nikaimaliza. Nikanywa chai yote. Nikafuta mikono kwenye kitenge.

"Nimemaliza," nikasema.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Kuna mtu karibu yako?"

Nikamtazama yule mtu wa kitambulisho. Alikuwa mzee wa makamo, kofia magotini, na ingawa hakuelewa neno hata moja alikuwa ameacha kuangalia simu yake, ananiangalia mimi.

"Yupo," nikasema.

Dada mtu akaniita kwa jina langu, siyo hija. Akalitamka kama mdogo wake alivyolitamka, akikosea pale pale.

"Dada yako amekufa," alisema.

Nikalia. Nililia mpaka yule mzee akainuka, akaja akasimama karibu yangu, akasema pole, mama, pole sana, bila kujua ya nini. Na nilipoweza kupumua nikamwuliza dada mtu alikufa lini, na alikuwa na nani, kama mtu ambaye ndio kwanza ameshuka kwenye gari. Naye akanijibu taratibu, kwa maneno yale yale niliyompa mimi: alfajiri, mwanangu, kitandani mwake, masista walikuwa naye.